UZI: Kansa ya mashavu ya uke na majaribio ya tiba yaliyopunguza kisu. Tuongee bila aibu

nesi_wa_zamu:
Wakuu habari za jioni, akina mama shikamooni. Leo naomba tuongee kansa ambayo humu jukwaani sijawahi kuona uzi wake, kansa ya vulva, yani ile sehemu ya nje kabisa ya uke, mashavu makubwa na madogo, kinembe na ngozi yote inayozunguka pale. Siyo mlango wa kizazi, huo uko ndani na kampeni zake tunazisikia kila mwaka. Hii iko nje, inaonekana kwa macho, lakini ndo inachelewa kugundulika mana nani atamwonyesha nani.

Mimi ni nesi Dar, nimekaa sana na akina mama wodini, na kinachoniuma ni kwamba wengi wakifika kwetu wameshawashwa mwaka mzima au zaidi, wameshapewa dawa za fangasi mpaka wamezikariri majina, wengine wameambiwa UTI sugu, wengine wamemwagiwa maji ya mwarobaini na mtu wa mtaani, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mama panda kitandani nikuangalie. Wakati huohuo kuna madaktari na wagonjwa wamehangaika zaidi ya miaka 20 kutafuta namna ya kumtibu huyu mama bila kumkatakata sana, na majibu wameyapata, ila faida yake anaipata aliyewahi tu.

Ni kansa adimu. Mwaka 2020 dunia nzima wanawake waliogundulika nayo ni kama 45,000, wakati mlango wa kizazi ni zaidi ya 600,000. Na kwa uchache huo hospitali moja hata ikae miaka 10 haipati wagonjwa wa kutosha kulinganisha tiba mbili, kwa hiyo lazima nchi nyingi ziungane. Ngoja nichukue chai nakuja na sehemu ya pili.

mwanakwetu_tanga:
Nesi Mungu akubariki, weka mama weka. Sisi wa pwani tulifundishwa na somo kila kitu cha kumfurahisha mume lakini hakuna siku somo aliniambia chukua kioo ujiangalie ujue kipi chako cha kawaida na kipi kimeota.

nesi_wa_zamu:
@mwanakwetu_tanga hapo umesema dada, na masomo na makungwi wangeongeza hilo tu wangeokoa watu, mana wao ndo wanaaminiwa kwenye hizi habari kuliko sisi wa koti jeupe.

Naendelea. Zamani, na sehemu nyingi mpaka leo, ukikutwa na kansa hii unaondolewa vulva karibu yote na tezi zote za mitoki pande zote mbili. Mtoki mnaujua, ile tezi ya kinenani inayovimba ukiwa na kidonda mguuni. Sasa hii kansa ikianza kutembea kituo chake cha kwanza ni hapo mtokini, na ikirudi ikakamata hapo wengi hawaponi, ndo mana daktari alikuwa anazisafisha zote hata kama hajaona kitu. Sasa mama anapona kansa lakini kidonda kinafumuka, usaha, anakaa wodini wiki na wiki, akirudi nyumbani mguu unavimba kama wa matende na hauishi. Na ukweli ni kwamba wengi kati ya wale waliosafishwa, tezi zikienda maabara zinakutwa safi hazina kansa hata chembe. Yani mguu umeharibika bure.

Madaktari wa Groningen Uholanzi, Profesa Ate van der Zee na wenzake, wakauliza, mbona tusitafute ile tezi ya kwanza tu inayopokea maji kutoka kwenye uvimbe, tuitoe hiyo, tuipime kwa umakini mkubwa, ikiwa safi tuziache nyingine? Wanachoma dawa yenye mionzi kidogo, teknesiamu, kuzunguka uvimbe, na rangi ya bluu, alafu chumba cha upasuaji wanapitisha kifaa kinacholia kikikaribia tezi yenye ile dawa. Anakata kidogo, anaiona imekuwa ya bluu, anaitoa.

Jaribio wakaliita GROINSS-V, likaandikisha wagonjwa kuanzia Machi 2000 hadi Juni 2006, wanawake 403. Masharti yao yalikuwa makali: uvimbe usifike sentimita 4, na mitoki isiwe inapapasika imevimba. Majibu yalitoka 2008. Kati ya wanawake 259 wenye uvimbe mmoja ambao tezi yao ya kwanza ilikutwa safi, 6 tu ndo kansa iliwarudia mtokini, na baada ya miaka 3 wanawake 97 kati ya 100 walikuwa hawajafa kwa ugonjwa huu. Sasa sikilizeni la mguu. Waliosafishwa tezi zote, 25 kati ya 100 walipata kuvimba mguu kwa kudumu. Waliotolewa tezi ya kwanza tu ni 2 kati ya 100. Kidonda kufumuka ilikuwa 34 kwa 12. Mimi nilipozisoma hizi namba nilikaa kimya nikawakumbuka wagonjwa wangu kwa majina.

Mdadisi wa Mbagala:
Dada nesi kwa heshima zote, hapo kwenye neno jaribio ndo huwa naogopa. Ina mana walimwacha mwanamke na tezi zake mwilini wakisubiri kuona kama kansa itarudi? Wale 6 iliowarudia je? Hawa wenzetu wanajaribisha watu tu alafu wanaandika vitabu wanapata vyeo.

nesi_wa_zamu:
@Mdadisi wa Mbagala swali lako ni zuri na nalijibu kwa uzito wake. Ndiyo, wale wapo na kwao ilikuwa msiba. Lakini hata ukisafisha tezi zote kansa huwa inarudi kwa baadhi, kwa hiyo swali siyo kama kuna hatari, swali ni hatari ipi inazidi. Na jaribio linalofanywa sawasawa linakuwa na breki. Nakupa mifano ya breki zenyewe zikikamatwa.

Marekani miaka ya 80 walijaribu kuona kama mionzi peke yake mtokini inaweza kuchukua nafasi ya upasuaji. Wanawake 27 wakapigwa mionzi, 25 wakapasuliwa. Kwenye mionzi watu 5 kansa ikarudi mtokini, kwenye upasuaji hakuna hata mmoja. Jaribio likafungwa kabla ya kufika mwisho.

Wa pili ni mdogo wake GROINSS-V wa kwanza, unaitwa GROINSS-V wa pili, 2005 mpaka 2016, wanawake 1,535. Hapa waliuliza, sasa yule ambaye tezi yake ya kwanza imekutwa NA kansa, lazima tumrudishe kisuni tusafishe zote au mionzi inatosha? Ilipofika Juni 2010 wanaosimamia usalama wakaona kansa inarudi mtokini kuliko mstari waliouweka tangu mwanzo. Wakasimamisha, wakachambua, wakakuta shida iko kwa wale ambao kansa ndani ya tezi imezidi milimita 2. Hapohapo wakabadilisha utaratibu, hao wakarudishwa kwenye upasuaji, wenye milimita 2 kushuka wakaendelea na mionzi.

Mwisho wa siku majibu yakawa hivi: wa milimita 2 kushuka waliopigwa mionzi, kansa iliwarudia mtokini chini ya 2 kati ya 100 ndani ya miaka 2. Wa kuzidi milimita 2 waliopata mionzi bila kusafishwa ilikuwa 22 kati ya 100, na waliosafishwa ni kama 7. Milimita 2 kaka! Na hiyo 22 ni akina mama kweli, wenye watoto. Wao ndo wametufanya tujue leo mstari uko wapi. Kwa hiyo mtu akisema wanaandika vitabu tu wapate vyeo namwelewa, lakini mimi nawaheshimu hao wanawake kama mashahidi.

Sahivi kuna GROINSS-V wa tatu kwa hao hao wa kuzidi milimita 2, wanaongeza dozi ya mionzi na dripu ya cisplatin, dawa ya kansa, kila wiki waone kama inaweza kuziba lile pengo bila kusafisha tezi zote. Huu unaendelea, tusubiri.

Mdadisi wa Mbagala:
Hapo nimeelewa, sikujua kuna mtu kazi yake ni kusimamisha. Asante.

binti_kibosho:
Shikamoo dada nesi. Mimi nimesoma huu uzi mikono inatetemeka. Mama yangu ana miaka 63 yuko Moshi, anawashwa huko chini muda mrefu sana, usiku halali, aliniambia mwezi uliopita baada ya kumbembeleza mana mwanzo alikuwa anasema ni uzee. Nilimwangalia, ngozi imekuwa nyeupe nyembamba imekunjamana kama karatasi ya sigara, na pembeni imechanika chanika. Duka la dawa wamempa vidonge vya kuingiza vya fangasi mara nyingi tu. Ndo kansa hii?

nesi_wa_zamu:
@binti_kibosho marahaba mdogo wangu. Kwanza umefanya kazi kubwa kumfanya mama akuonyeshe, mabinti wengi hawafiki hapo. Pili siwezi kumpima mtu kwa simu. Lakini ulivyoieleza inafanana na ugonjwa wa ngozi unaitwa laikeni sklerosasi. Siyo kansa, siyo zinaa, hauambukizi, hakumkosea mtu yeyote, mwambie hivyo mana akina mama wakubwa wanaumia na hilo kuliko kuwashwa kwenyewe. Ila ukiachwa bila tiba kuna wachache unawageuka kuwa kansa ya vulva, na hii ndo njia ya wamama wakubwa.

Njia ni mbili watu wangu, shikeni hili. Moja ni hiyo ya ngozi nyeupe inayowasha miaka. Nyingine ni ya kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, ileile ya mlango wa kizazi, hii inakamata hata wenye umri mdogo na wanaoishi na VVU wako kwenye hatari zaidi, na sigara inaongeza. Maabara wakipaka rangi za p16 na p53 kwenye kinyama, kile kipande kidogo kinachokatwa kwenda kupimwa, wanajua umetoka njia ipi, na tafiti zinaonyesha wa njia ya HPV mara nyingi wanaitikia mionzi vizuri zaidi. Kwa hiyo usikubali jibu la maabara la neno moja tu, uliza.

Sasa kuhusu mama, kuna madaktari wa Australia walifuatilia wanawake 507 wenye laikeni sklerosasi, wakawapa krimu ya steroidi ya kupaka kila mara kwa mpangilio, majibu yakatoka 2015. Waliopaka kama walivyoelekezwa walikuwa 357, na hakuna hata mmoja aliyepata kansa. Waliopaka wakiacha wakirudia walikuwa 150, wakapata 7. Huu ulikuwa ufuatiliaji, siyo jaribio la kugawa watu kwa bahati nasibu nani apate nini, lakini mimi ningekuwa mama yangu angepaka.

Bahati yenu mko Moshi, pale KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda nzima, wanatoka nchi za watu kuja kusoma hapo. Mpeleke, omba aangaliwe kwa macho, na kama kuna sehemu imekuwa ngumu, imeota kinundu au kidonda hakifungi, wachukue kinyama wakapime. Usinunue steroidi mwenyewe dukani kabla hajaonwa.

NyarKisumu:
Hi nyote, mimi ni wa Kisumu Kenya, nafanya kazi ya community health. Hii ya HPV nataka niongeze kitu kwa sababu watu wetu wako ndani yake. Kuna trayo, yaani jaribio, ilifanywa hapa kwetu inaitwa KEN SHE, wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, Kisumu, Thika na Nairobi, wakauliza kama chanjo ya HPV dozi moja inatosha. Majibu ya 2022 ilikinga kirusi cha 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Na nyinyi Watanzania mlikuwa na ya kwenu Mwanza, DoRIS, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wakipima kinga ya damu baada ya dozi moja, mbili ama tatu. Hizo ndizo zilisaidia dunia kukubali dozi moja. Si eti ni trayo za vulva moja kwa moja, lakini ukifunga mlango wa HPV 16 umeifungia na vulva pia. So nikisikia mtu anasema Waafrika huwa tunatumiwa tu nasikia vibaya, hii tulijijibia swali letu wenyewe na msichana wa Ulaya ananufaika.

nesi_wa_zamu:
@NyarKisumu asante sana dada, na kwetu ile ya DoRIS haijasemwa vya kutosha. Tanzania tulianza chanjo 2018 kwa mabinti wa miaka 14 na 2024 tukahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Wenye mabinti msingoje.

baba_wawili:
Samahani dada zangu mimi ni mwanaume lakini nimeona nisipite. Mke wangu ana miaka 38, alikuwa na vinyama vya rangi ya kahawia huko nje, wakapima wakasema siyo kansa ila ni dalili za mwanzo, wameandika VIN, na kwamba vinahusiana na HPV. Daktari anasema afanyiwe upasuaji mdogo. Mke wangu analia anasema atakuwa hana kitu. Kuna rafiki Nairobi anasema kuna krimu. Ni kweli au utapeli?

nesi_wa_zamu:
@baba_wawili karibu kaka, na nakuheshimu kwa kuuliza, wanaume wengine wanakimbia. Krimu ipo kweli, inaitwa imikwimodi, inaamsha kinga ya mwili ipigane na seli zenye kirusi. Uholanzi walijaribu kwa wanawake 52, nusu krimu yenyewe nusu krimu isiyo na dawa. Majibu ya 2008 yakawa kati ya 26 waliopata dawa 21 madoa yalipungua na 9 yaliisha kabisa, upande wa pili hakuna hata mmoja.

Alafu Austria wakafanya lile swali lako lenyewe, krimu dhidi ya upasuaji, wanawake 110, likatoka 2022. Baada ya miezi 6, walioisha madoa ni kama 80 kati ya 100 kila upande. Yani krimu haikuzidiwa na kisu. Kwangu hili ni jambo kubwa kwa mwanamke wa miaka 38 anayelia.

Lakini usikimbilie dukani. Inawasha na kuunguza ngozi, inapakwa miezi, na ni kwa VIN ya HPV TU, siyo kwa kansa yenyewe na siyo kwa ile VIN ya njia nyingine inayoota kwenye laikeni sklerosasi, hiyo inakimbia haraka kwenda kansa inahitaji kukatwa. Kwa hiyo muulize daktari maswali haya haya: ni VIN ya aina gani, mna uhakika hakuna kansa imejificha chini, na je imikwimodi inafaa kwake. Nenda naye mke wako chumbani mkamuulize pamoja.

baba_wawili:
Nimenakili kama yalivyo. Ubarikiwe.

mwanakwetu_tanga:
Na aliyechelewa je nesi? Mana humu wengi ndo tutakuwa na mama au shangazi ambaye uvimbe umeshakuwa mkubwa.

nesi_wa_zamu:
@mwanakwetu_tanga hapo ndo pana uchungu, shangazi yangu alikuwa huyo. Uvimbe ukifika njia ya mkojo au ya haja kubwa, zamani walikuwa wanatoa vulva na kibofu au puru, unabaki na mfuko tumboni. Wamarekani wakajaribu mionzi pamoja na cisplatin ya kila wiki kwanza kabla ya kisu, wanawake 58, majibu 2012, na 64 kati ya 100 uvimbe ukapotea kwa macho. Baadaye wakaongeza dozi ya mionzi na dawa ya pili, gemsitabini, majibu 2024, na wanawake 73 kati ya 100 wakipimwa kinyama hakuna kansa iliyobaki. Ni tiba ngumu, ngozi ya pale inaungua vibaya, damu inashuka, figo zinaangaliwa kila wiki, lakini mama anabaki na kibofu chake. Mionzi na cisplatin tunazo, hospitali ya kansa ya Ocean Road hapa Dar wanazitumia kila siku kwa mlango wa kizazi.

Ikishasambaa mwilini ndo kugumu. Kuna dawa ya kinga, pembrolizumabu, ilijaribiwa kwa wanawake 101 wenye kansa ya vulva iliyoshindikana, uvimbe ulipungua kwa 11. Wachache, lakini kwa hao 11 wengi walikaa nayo zaidi ya mwaka. Bei yake kwetu siisemi mana mtu atalia. Msiuze kiwanja cha familia kwa matumaini bila daktari wa kansa kuwaeleza namba hizo waziwazi.

NyarKisumu:
Na mtu akitaka kuingia trayo kama hizi anaanzia wapi? Hapa watu huwa wanakulwa pesa.

nesi_wa_zamu:
Muulize daktari wako wa kansa kwanza. Pia kuna daftari la majaribio ya Afrika linaitwa PACTR, liko mtandaoni bure, na lile la Marekani ClinicalTrials.gov, unaandika jina la ugonjwa unaona nchi zinazoandikisha. Kwa vulva nyingi ziko Ulaya na Marekani na mgonjwa wa Kigoma hafiki, huo ndo ukweli na unaniudhi, mana sisi ndo tuna wanawake wengi wenye VVU na HPV na maswali yetu hayaulizwi. Tiba inayomfaa mwanamke wa miaka 70 wa Amsterdam asiye na VVU, tunaichukua tunampa wa miaka 35 anayetumia ARV na tunategemea iwe sawa. Inabidi madaktari wetu waandike maswali yao na sisi wagonjwa na ndugu tukubali kujibu.

Kuhusu kuliwa hela: jaribio la kweli dawa inayojaribiwa hulipii, unapewa karatasi ya ridhaa kwa Kiswahili uisome au usomewe, ina muhuri wa kamati ya maadili, kwetu ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na unaruhusiwa kujitoa siku yoyote bila kunyimwa tiba ya kawaida. Akikudai hela ya kiingilio ondoka.

Na jamani waliopasuliwa wakaambiwa tezi safi msipotee kliniki. Wale wa GROINSS-V wa kwanza walifuatiliwa miaka 10, na hata wenye tezi safi karibu 36 kati ya 100 kansa iliwarudia palepale kwenye vulva. Ikionwa ndogo inakatwa tena. Kioo, kila mwezi, kwa maisha yote.

binti_kibosho:
Dada nesi nimeongea na mama leo. Amekubali, tunaenda Jumanne na mdogo wangu. Anauliza kama atakayemwangalia anaweza kuwa daktari mwanamke.

nesi_wa_zamu:
Anaweza kuomba, ni haki yake, mseme mapema pale mapokezi kabla hajaitwa. Na asipake kitu chochote kuanzia Jumapili ili waione ngozi kama ilivyo. Wakichukua kinyama andika tarehe ya majibu na namba ya simu ya maabara, usingoje kupigiwa.